Waliokwama Njiani

Neno safari tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ambayo wengi wetu hatuikumbuki tunapokata tiketi: kufunua, kuondoa pazia. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyezaliwa Khorasan katika karne ya 11, aliandika kwamba safari imeitwa safari kwa kuwa inafunua tabia za watu. Nyumbani mtu husitiriwa na mazoea yake, jina la baba yake na majirani wanaomjua tangu utotoni. Njiani stara hiyo humvuka. Hoja hii ina umri wa zaidi ya miaka 900, na peke yake inatosha kuiondoa dhana kwamba kusafiri ili kujijua ni mtindo ulioletwa na vijana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni. Swali linalobaki ni kipi hasa kinachofunua. Ni umbali? Upweke? Milima mizuri? Historia ya wasafiri inanielekeza kwenye jibu dogo zaidi, tena lenye aibu kidogo: ni kukwama. Wengi wa waliogeuzwa na safari zao waligeuzwa na mtu ambaye hakuwamo katika mpango, na walimkuta wakiwa wamekwama, wakisubiri upepo, kibali, au chombo kilichoharibika. Kila zama zilipobuni njia ya kumwondolea msafiri adha hiyo, kuna kitu kiliondoka nayo, na waliofuata wakalazimika kukijenga upya kwa mikono.

1095–1355: Mnara na mlango

Al-Ghazali mwenyewe ni kisa cha kwanza. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na wanafunzi 300 wakimsikiliza, pale ulimi wake ulipogoma. Anasimulia kwamba alijilazimisha kufundisha na neno halikutoka. Akagawa mali yake, akaaga kwa kisingizio cha kwenda Makka huku moyoni amekusudia Sham, na hakurudi kwenye kiti cha ualimu kwa takriban miaka 11. Alipokuwa Dameski alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Safari yake ilikuwa ya kuwakimbia watu. Huo ni mkondo mmoja wa safari ya kujitafuta, mkondo wa upweke, na una heshima yake. Lakini ulimfaa mtu ambaye tayari alikuwa amesoma vingi na kujadiliana na wakubwa wote wa zama zake. Kijana wa miaka 21 hana cha kupeleka mnarani.

Kijana wa umri huo alitoka Tangier, Moroko, mwaka 1325, peke yake, akielekea Hija. Ibn Battuta hakuwa na nia ya kufika mbali kuliko Makka na miji ya elimu iliyo njiani. Mwaka uliofuata, Iskandaria, alikaribishwa kwa siku tatu na sheikh mchamungu aliyekuwa akichechemea, Burhanuddin. Sheikh akamwambia anamwona ni mpenda kutembea. Basi akifika Bara Hindi amsalimie ndugu yake Fariduddin, Sind amsalimie Ruknuddin, na China amsalimie Burhanuddin mwenzake. Msafiri anakiri kwamba alishangaa, kwani nchi hizo hazikuwahi kumpitia akilini. Kabla ya siku hizo tatu alikuwa mwenda Hija. Baada yake alikuwa na salamu tatu za kupeleka mwisho wa dunia, na anadai alizipeleka zote. Akiwa China akaletewa mgeni ambaye uso wake ulimfanya amkazie macho. Mazungumzo yakaonyesha kuwa ni al-Bushri wa Sabta, mji ulio karibu na Tangier, na wote wawili wakalia. Miaka kadhaa baadaye, kwenye ukingo wa Sahara kule Sijilmasa, alilala kwa mwanazuoni mmoja ambaye alikuwa ndugu wa yule yule al-Bushri. Mwenyewe anastaajabia umbali uliowatenga ndugu hao.

Hapa msomaji makini atainua mkono. Kitabu cha Ibn Battuta kilikamilika mwaka 1355 huko Fez kwa kumsimulia mwandishi, Ibn Juzayy, na wataalamu wameonyesha vipande vilivyochukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr aliyesafiri zaidi ya karne moja kabla yake. Wengine wanatilia shaka kama China yenyewe aliifika. Kama kukutana kwa ajabu ni utunzi wa baadaye, hoja yangu inasimama juu ya nini? Shaka hiyo haimhusu yeye peke yake. Mshairi wa Japani Matsuo Bashō alitembea kaskazini mwa nchi yake mwaka 1689, na katika kitabu chake kuna usiku wa kukumbukwa kwenye nyumba ya wageni ya Ichiburi, ambako makahaba wawili waliokuwa njiani kwenda kuhiji Ise walimsihi waandamane naye. Mwenzake wa safari, Sora, aliandika shajara ya kila siku. Ilipochapishwa mwaka 1943, wanawake hao hawakuwamo.

Nalikubali pingamizi hilo, kisha naligeuza. Mwandishi anayetunga kisa hutaka kusadikiwa, kwa hiyo hukiweka mahali ambapo msomaji anajua visa vya namna hiyo hutokea. Bashō hakuwaweka wanawake wake juu ya kilele chenye mandhari nzuri. Aliwaweka nyuma ya ukuta mwembamba wa nyumba ya wageni, usiku, baada ya siku ya kupita ufuko wa hatari uliomchosha. Ibn Battuta hakumkuta Burhanuddin wake barabarani akitembea; alimkuta akiwa mgeni kwake, akila chakula chake. Hata uongo, kama ni uongo, unashuhudia ukweli uleule kuhusu mahali ambapo msafiri hukutana na mtu.

Msimu, hongo na utani: pwani na bara hadi karne ya 19

Hakuna mahali ambapo kukwama kulikuwa sheria kama katika Bahari ya Hindi. Kaskazi ilileta majahazi pwani yetu kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi iliyarudisha Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Aprili. Aliyechelewa kumaliza shughuli zake alisubiri miezi. Wazungu wenyewe walilichukua neno la Kiarabu lililotupa sisi msimu wakalitumia kwa pepo hizo. Katika subira hiyo bandari zilijenga utaratibu wa kumpokea mgeni, na Ibn Battuta ameueleza kwa undani alipofika Mogadishu mwaka 1331. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Yeye walipomfikia wakaambiwa si mfanyabiashara bali mwanasheria, basi akahesabiwa mgeni wa kadhi. Anakumbuka wali wa samli na mchuzi juu yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando na ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Kutoka huko alishuka Mombasa, kisha Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kabla upepo haujamgeuza kurudi Uarabuni.

Tusiupake asali ukarimu huo. Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba mauzo yaliyofanywa bila mwenyeji kuwapo yalihesabiwa batili. Mwenyeji alikuwa dalali, mdhamini na mlinzi, na kijana mwenye sahani alikuwa akigombea mteja. Ndiyo maana naamini utaratibu huo ulidumu: haukutegemea wema wa moyo wa mtu mmoja. Msemo wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone hauoni haya kusema nani anafaidika. Na ule mwingine, kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, unataja sharti la pili la kukutana. Haitoshi kukwama, ni lazima pia kumhitaji mtu.

Bara nako njia za misafara zilikuwa na namna zake za kumsimamisha msafiri. Katika karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, msafara ulisimama kwa kila mtemi aliyedai hongo, na hongo wakati huo haikuwa na maana ya rushwa tunayoipa leo. Ilikuwa ada ya kupita, inayojadiliwa kwa siku kadhaa huku watu wakipiga kambi, wakinunua chakula, na kujuana. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kubeba mzigo hadi pwani kulihesabiwa kipimo cha uanaume. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, aliliona hilo na kuliandika. Kijana alitoka kwao mtoto, akarudi ameona bahari, ana nguo na habari. Utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, ambao wanahistoria wengi wanauhusisha na njia hizo, ulimpa mgeni haki ya kumtania na hata kumchukulia vitu mtu asiyemjua, na ulimpa mwenyeji wajibu wa kumhifadhi, pengine hata kumzika. Sijui chombo kingine cha kijamii kilichotengenezwa kwa ustadi kama huo ili mtu aliyekwama ugenini asiwe peke yake. Kukutana kunakosifiwa zaidi vitabuni, kule kwa Stanley na Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871, kwa kweli ni mfano mbaya kabisa wa bahati: gazeti la New York Herald lililipa gharama, na mtafutwaji alijulikana jina.

Njia hizohizo, hata hivyo, zilipitiwa na maelfu ya watu waliofungwa minyororo. Kwao kusimama kambini kulikuwa kungoja kuuzwa, na kila mtu mpya waliyekutana naye aliweza kuwa bwana mpya. Hakuna haki ya kuandika juu ya safari ya kujijua kwenye barabara ya Tabora bila kusema hivyo. Tofauti ya mpagazi na mtumwa haikuwa umbali waliotembea wala jua lililowachoma. Mpagazi aliweza kurudi. Hata kati ya watumishi huru, kurudi ndiko kulikozaa simulizi. Mngazija Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaeleza safari hiyo kwa Kiswahili, na maelezo yake yakachapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Twaijua safari yake kwa sababu ilimpa nafasi ya kusema aliyoyaona.

1786–1912: Reli inampita mwenyeji

Ulaya iliingia katika habari hii kwa mlango wa matajiri. Katika karne ya 17 na ya 18 vijana wa makabaila wa Kiingereza walipelekwa Ufaransa na Italia wakiwa na mwalimu, watumishi na barua za utambulisho, nao walikutana na watu walewale ambao wangekutana nao London. Johann Wolfgang von Goethe aliona kasoro hiyo. Usiku wa tarehe 3 Septemba 1786 alitoroka Karlsbad bila kuaga, akavuka Alpi, akaishi Roma kwa jina la bandia la Möller, ili asipokewe kama mshairi maarufu na waziri wa Weimar. Alikuwa na miaka 37. Alijinyang'anya jina, jambo ambalo maskini hupewa bure na barabara, na ndipo akaweza kuishi na wachoraji kama mmoja wao.

Miaka 55 baadaye, tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook alipakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja, waende kwenye mkutano wa kupinga ulevi na warudi siku hiyohiyo. Mimi simlaumu Cook. Alimfungulia fundi viatu na mfanyakazi wa kiwanda mlango uliokuwa wa makabaila, na hiyo ni haki kubwa kuliko hasara yoyote nitakayoitaja. Lakini tuiangalie hasara. Safari iliyolipiwa yote mapema, yenye saa ya kwenda na saa ya kurudi, haina nafasi ya mtu asiyetarajiwa. Msafiri wa Cook hakuwa maskini ugenini kwa maana ya msemo wetu. Hakumhitaji yeyote isipokuwa kondakta. Kufikia mwaka 1872 kampuni hiyo iliweza kuwazungusha watu dunia nzima kwa utaratibu huohuo.

Kilichofuata kinanivutia zaidi, kwa sababu hapo ndipo kukwama kulipoanza kujengwa kwa makusudi. Mwalimu wa Kijerumani Richard Schirrmann alikuwa akiwatembeza wanafunzi wake kwa miguu kutoka Altena kuelekea Aachen. Tarehe 26 Agosti 1909 dhoruba kali iliwakamata katika bonde la Bröl, wakajificha kwenye shule ya kijiji wakalala juu ya majani makavu. Mvua ikipiga paa, Schirrmann alifikiri: shule za Ujerumani hukaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisiwe malazi ya vijana watembeao? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya Altena, na mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana Amsterdam kuwa shirikisho la kimataifa. Chumba cha pamoja, vitanda vya ghorofa na jiko moja viliwaweka watu wasiojuana karibu kama nyumba ya Ichiburi. Reli ilikuwa imemwondoa mwenyeji. Hosteli ilimrudisha kwa bei nafuu, ingawa sasa mwenyeji alikuwa jengo, na mtu wa kukutana naye alikuwa mgeni mwenzako.

1936–1964: Nani anaruhusiwa kukwama

Wakati vijana wa Ulaya wakilala katika ngome, mtumishi wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha waendesha magari Weusi wa Marekani, kikiorodhesha hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambavyo vingewapokea. Kilitoka kwa miaka 30 hivi, kikikatizwa na vita. Kitabu hicho ni pingamizi zito kuliko yote dhidi yangu. Kwa familia Nyeusi, gari kuharibika jioni kwenye mji wasioutambua, hasa ile miji iliyowataka Weusi waondoke kabla ya jua kuzama, hakukuwa mwanzo wa urafiki wa bahati. Kulikuwa hatari ya maisha. Walihitaji mpango kamili kwa sababu bahati ilikuwa upande wa adui. Basi hoja yangu lazima ibebe sharti lake: kukwama humfungua mtu pale tu penye mwenyeji. Pasipo mwenyeji, ni kukwama tu.

Tuwatazame wawili waliompata. Mapema mwaka 1952 Ernesto Guevara, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 23, aliondoka Buenos Aires na rafiki yake Alberto Granado kwa pikipiki kuukuu aina ya Norton. Sehemu ya kwanza ya shajara yake ni ya vijana wawili wenye mzaha, wanaoanguka, wanaofukuzia wasichana na chakula cha bure. Pikipiki ilikufa Chile. Ndipo, wakiwa sasa ni waomba lifti tu, walipokutana usiku huko Baquedano na mfanyakazi wa migodi na mkewe, wakomunisti, mume akiwa ametoka gerezani, wakitetemeka kwa baridi ya jangwa bila blanketi. Vijana wakawapa moja lao. Sauti ya shajara inabadilika kuanzia hapo. Kama Norton ile ingekuwa nzima, wangempita mtu huyo kwa vumbi. Miaka 13 baadaye Guevara alipita Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo akiwa na jina la vita alilopewa kutoka hesabu ya Kiswahili: Tatu.

Wa pili ni Malcolm X. Aprili 1964 alitua uwanja wa ndege wa Jeddah akielekea Hija, na maofisa wakachukua pasipoti yake. Mmarekani asiyejua Kiarabu, ambaye hata vitendo vya swala vilimtatiza, ilibidi Uislamu wake uthibitishwe kwanza. Akawekwa kwenye jengo la mahujaji hapo uwanjani, akalala na kula pamoja na watu wa kila rangi, akiwaangalia ili ajifunze kuswali. Alikuwa na namba ya simu mfukoni, aliyopewa kabla ya kuondoka New York, ya Omar Azzam. Ilipopigwa, baba yake Omar, Abdul Rahman Azzam, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi za Kiarabu, alimwachia chumba chake mwenyewe cha hoteli. Katika barua alizoandika Makka siku zilizofuata, mtu aliyefundisha kwa miaka mingi kwamba Wazungu ni mashetani alisema ameswali bega kwa bega na watu wenye macho ya bluu na kuwaona ndugu. Mtu ataniambia kwamba namba ya simu mfukoni si bahati. Ni kweli, na salamu za sheikh wa Iskandaria nazo hazikuwa bahati. Lakini alipewa namba, hakupewa usiku ule uwanjani, na ni usiku ule uliomtayarisha kwa chumba cha Azzam.

Oktoba mwaka huohuo kukwama kukamrudia kwa njia nyingine, safari hii Nairobi. John Lewis, mwenyekiti wa SNCC, chama cha wanafunzi kilichopigania haki za raia kusini mwa Marekani, alikuwa akizunguka Afrika na mwenzake Donald Harris. Ndege yao ikachelewa, wakalazimika kubaki mjini. Hotelini wakamkuta Malcolm X, aliyekuwa ametoka Dar es Salaam. Nyumbani pande hizo mbili zilikaa mbali: vijana wa Lewis walifungwa na nidhamu ya kutopigana, naye alijulikana kwa kuidharau. Kenya wote walikuwa wageni, na wakazungumza kwa muda mrefu. Tarehe 4 Februari 1965 Malcolm X alihutubia Selma, Alabama, kwa mwaliko wa vijana wa SNCC. Sitadai kwamba Nairobi ndiyo iliyomfikisha Selma; alikuwa tayari anabadilika, nao vilevile. Ninadai kidogo kuliko hicho: kwamba miji ya Marekani waliyoishi haikuwahi kuwapa meza ya kukaa pamoja bila wafuasi kuwasikiliza, na ucheleweshaji wa ndege uliwapa. Aliuawa siku 17 baada ya hotuba ya Selma.

1957–1979: Ubao wa Istanbul

Mgahawa wa Lale katika mtaa wa Sultanahmet, Istanbul, ulifunguliwa mwaka 1957. Wateja waliokuwa wakisahau jina lake waliuita duka la pudini, na ukutani palikuwa na ubao ambako kila mtu alibandika karatasi yake: nani ana nafasi kwenye gari la Kabul, nani anamtafuta rafiki waliyepoteana Tehran. Vijana wenye nywele ndefu walipita hapo kwenda Iran, Afghanistan, Pakistan, India na Kathmandu, na wengine katika miaka ya 1970 waligeukia kusini hadi Lamu. Hawa ndio wengi hudhani waliibuni safari ya kujitafuta. Nadhani wao ndio walioidhoofisha, tena bila kukusudia. Walikwama sana, wiki nzima mpakani, mwezi mzima na homa ya ini, lakini aliyewauguza mara nyingi alikuwa kijana mwingine kutoka Amsterdam. Ubao ule uliwakutanisha wao kwa wao. Mwafghani aliyewauzia chai Kabul alibaki sehemu ya mandhari.

Tony na Maureen Wheeler, waliojuana kwa kukaa benchi moja katika Regent's Park, London, mwaka 1970, waliifuata njia hiyo mwaka 1972 hadi Australia, wakafika Sydney na senti 27. Maswali ya watu yalipozidi waliandika kitabu chembamba mwaka 1973, na hapo ikazaliwa Lonely Planet. Ubao wa Istanbul ukawa sasa unabebwa mkobani. Watu waliotokana na benchi la bustani walisaidia kuunda dunia ambamo kila msafiri alijua mapema benchi lipi lina watu. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran na majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan yakaifunga njia ya nchi kavu, na waliofuata wakaruka juu yake kwa ndege.

Baada ya 1979: Mlango unatafutwa tena

Kilichokuja baadaye ni cha haraka kueleza: ndege za bei rahisi, intaneti, ramani inayosema kwa sauti kata kushoto. Simu janja imefanya kwa kila hatua ile kazi ambayo Cook aliifanya kwa safari nzima. Watu walihisi pengo, maana mwaka 2004 Couchsurfing ilianza kuwaunganisha wageni na wenyeji wa kulala kwao bure, wazo lililomjia mwanzilishi wake alipowaandikia barua pepe wanafunzi 1,500 wa Chuo Kikuu cha Iceland kuomba pa kulala. Mwaka 2011 ikageuka kuwa kampuni ya kibiashara, na Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa korona, ikaanza kuwatoza wanachama wake ada. Wengine husema bahati imekufa kabisa, kwamba hakuna tena wa kukwama. Tukio moja la miaka michache kabla ya Couchsurfing kuanza linanizuia kukubali.

Tarehe 11 Septemba 2001, Marekani ilipofunga anga lake, ndege 38 za abiria zilielekezwa Gander, mji wa watu wapatao 10,000 katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Abiria na wahudumu wapatao 6,600 walikaa ndani ya ndege kwa saa nyingi kabla ya kuruhusiwa kushuka, mizigo yao ikibaki humo. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa kwenye mgomo. Waliuweka kando wakawasha mabasi. Shule, makanisa na kumbi zikawa malazi, vijiji vya jirani kama Gambo vikachukua mamia ya watu, na wenyeji wakafungua nyumba zao ili wageni waoge. Hakuna aliyekuwa na mpango, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kuondoka. Huko Gambo, Mwingereza mmoja na mwanamke wa Texas, wote wa makamo na wasiojuana, walijikuta kwenye foleni moja ya kuchukua mablanketi. Mwaka uliofuata walioana, na kwa fungate wakarudi Newfoundland.